Mhariri Anayekutana na Wasomaji Wake Darajani: Kumkumbuka Mtoro Rehani

Assalaam alaykum wazee wangu, mabibi na mabwana.

Nimeombwa niwazungumze waliokuwa wakiendesha magazeti madogo ya Unguja kabla ya Mapinduzi. Wako wengi, na muda ni mchache, kwa hiyo nimemshika mmoja: Mzee Mtoro Rehani wa Afrika Kwetu. Sisemi kwamba gazeti lake lilikuwa bora kuliko mengine. Nimemchagua kwa kuwa lilikuwa lake: yeye mwenyewe mwenye gazeti, yeye mhariri, na likiandika la kuudhi, yeye wa kuulizwa. Mhariri wa London anaweza kufa asimjue msomaji wake hata mmoja. Wa mji kama huu wetu anakutana naye Darajani asubuhi, na alasiri wako pamoja mazikoni. Ukimwandika mtu vibaya, kesho yake mtapeana mkono wa pole kwenye msiba.

Afrika Kwetu lilianza mwaka 1948, na halikukuta uwanja mtupu. Katika shule ya Kiungani, tangu 1888, wanafunzi wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wameshachapa Msimulizi kwa Kiswahili. Wahindi walikuwa na Samachar lao la Kigujarati, lililokuwa limeshapita miaka 40. Jumuiya ya Waarabu ilikuwa na Al Falaq tangu 1929, kisha miaka ya mwanzo ya 1940 likaja Mwongozi. Karibu kila jamaa ilikuwa na pa kusemea, ila mtu wa Ng'ambo, mitaa ya Waafrika nje ya Mji Mkongwe, alikuwa akisomewa khabari zake katika gazeti la mwengine. Hapo ndipo Mzee Mtoro alipoingia, na kwa miaka kadhaa gazeti lake ndilo lililokuwa sauti kubwa ya Jumuiya ya Waafrika kwa maandishi.

Siasa yake mnaijua. Mimi nataka kuzungumza kazi, maana ndiyo isiyotajwa.

Magazeti ya wakati ule aghalabu yalipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya madini ya risasi, na mpangaji anazisoma kinyumenyume. Sasa fikirini: kasha la herufi linatoka Uingereza, na limehesabiwa kwa Kiingereza. E zimejaa, k za kuhesabu. Wewe unataka kuandika "wakakumbuka kwamba wakaazi wa Kikwajuni", hujamaliza aya na k zimekwisha! Unafanyaje? Unageuza sentensi. Unachapa ukurasa mmoja, unaubomoa, unazitumia herufi zile zile kwa ukurasa wa pili. Kiswahili cha magazeti kina uchafu wake, nakubali, lakini msomi anayekicheka leo angefaa kwanza apange aya moja kwa vidole vyake.

Baadaye, siasa zilipopamba moto, vikazuka vijigazeti vya saiklostaili, kama Agozi na Kipanga. Huko hakuna risasi. Unachukua karatasi ya stensili, unaondoa utepe kwenye mashine ya taipu ili herufi zitoboe nta, ukikosea unapaka dawa yenye harufu kali, unasubiri ikauke, unapiga tena. Halafu wino na mkono wa kuzungusha, karatasi moja baada ya moja. Mtu mwenye chumba, mashine na hasira alikuwa ameshapata gazeti. Nasema hasira kwa makusudi, nitaifikia.

Idadi ya nakala haitwambii mengi. Nakala moja ilifika barzani, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza, wakabisha, wakamrudisha nyuma: "Hebu soma tena hapo." Mhariri aliyelijua hilo aliandikia sikio. Ndiyo maana mashairi na barua za wasomaji zilipata nafasi kubwa vile. Shairi husikika barzani kuliko tahariri.

Serikali ya ukoloni nayo ilisikiliza. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walitiwa hatiani mahkamani kwa makala za Al Falaq. Mwaka 1962 mwanasiasa Abdulrahman Babu, aliyekuwa na kijarida chake cha ZaNews, alifungwa kwa kosa la uchochezi. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yake.

Sasa hasira. Afrika Kwetu na Mwongozi, alilolihariri Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha ZNP (Hizbu), yaligombana miaka: nani mwenyeji, nani mgeni, nani aliuleta ustaarabu, nani alimuuza nani. Mwanzo ulikuwa mjadala, na baadhi yake ni mzuri hadi leo. Baada ya uchaguzi wa 1957 lugha ikaharibika, kote kote, na vile vijigazeti vya stensili vikapita mpaka. Juni 1961 watu 68 waliuawa katika ghasia za uchaguzi. Sisemi magazeti ndiyo yaliyoua. Lakini anayetaka kumpamba mhariri wa zama zile akayaruka matoleo hayo, hajamheshimu. Amemfanya picha ya ukutani. Mzee Mtoro aliandika ili asomwe. Basi tumsome, na pale alipomdhulumu jirani yake kwa maneno, tuseme alimdhulumu.

Baada ya Januari 1964 magazeti ya watu binafsi yalizimika, likabaki Kweupe la serikali. Ikachukua mpaka 2002 ndipo likatoka Dira, chini ya Ali Nabwa, na Novemba 2003 likapigwa marufuku. Hapo pana mhadhara mwengine, na wengi wenu mlilinunua kwa mikono yenu, kwa hiyo sitawasimulia.

Nina ombi moja kwa wazee. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimehifadhi magazeti ya zamani, lakini humo mna majina ya wahariri na wanasiasa tu. Hamna mpangaji wa herufi. Hamna aliyezungusha saiklostaili usiku kucha, wala kijana aliyelipitisha gazeti Mlandege na Kikwajuni kwa miguu. Mmo humu ukumbini mliowajua, pengine mlikuwa nyinyi wenyewe. Daftari liko pale mezani karibu na mlango. Andikeni jina la mtu, mtaa wake, na gazeti alilolifanyia kazi. Asiyeweza kuandika amwambie mjukuu.

Haya, wenye masuali. Bibi pale nyuma, naona umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Barwani.