Kodi ya faida za mafuta: Waingereza wametoza, sisi tutamtoza nani?

Mambo vipi familia, karibuni tena. Leo niko bandarini Aberdeen, Uskochi, ngoja nigeuze kamera. Mnaziona hizo meli za rangi ya machungwa? Zinapeleka vyakula na vifaa kwenye mitambo ya mafuta, Bahari ya Kaskazini. Huo mngurumo ni helikopta ya wafanyakazi. Mji huu unaishi kwa mafuta.

Sasa kila EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta Tanzania, wakitangaza bei mpya, meseji zinamiminika: "Dada, si huko walizitoza kampuni za mafuta? Na sisi tuzibane!" Haya, tuongee.

Walizitoza kweli. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine bei zikapaa. Julai petroli hapa ilifika pauni 1.91 kwa lita. Unaweka ya pauni 20, mshale unaifikia robo kwa shida. Mwaka huohuo kampuni ya Shell wakavuna faida ya karibu dola bilioni 40. Hawakuchimba kwa bidii zaidi, jamani, vita ndiyo iliyowajazia mfuko. Faida za namna hii zilipoanza kuonekana, Mei 2022 Rishi Sunak, akiwa Waziri wa Fedha, akaongeza kodi ya asilimia 25 juu ya 40 waliyokuwa wanalipa. Ikapanda 35, halafu 38 Novemba 2024. Jumla 78!

Ila sikilizeni vizuri. Kodi hiyo inagusa faida ya kisima tu, tena kisima cha Uingereza. Faida ya Nigeria au Qatar haimo. Sheli ya mtaani haimo. Na mwanzoni waliacha tundu: kampuni ikiwekeza pauni 1 kwenye uchimbaji, ilikuwa inapunguziwa kodi peni 91. Hapo mimi niliona tumechezewa, unampokonya kwa kulia unamrudishia kwa kushoto.

Wala bei ya petroli haikushushwa na kodi hiyo. Fedha zilielekezwa kuzisaidia familia kubeba gharama za maisha, mfano pauni 650 kwa kaya zaidi ya milioni 8 za kipato cha chini. Majirani zangu wanaofanya kazi baharini hawataki hata kuisikia, wanasema inafukuza ajira. Nawaelewa, ingawa uchimbaji wa mafuta huku unashuka tangu 1999, kabla ya kodi hii.

Turudi nyumbani. Tanzania tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, lakini petroli inakuja na meli. Faida nono imebaki kwa mwenye kisima na mwenye kiwanda cha kusafisha, ng'ambo, ambako TRA, mamlaka yetu ya mapato, haifiki. Mwenye sheli wa Mbagala haruhusiwi kuvuka bei kikomo ya EWURA, na faida yake imeshapigiwa hesabu humo. Mbane huyo, atafunga pampu.

Tulichonacho mkononi ni tozo zilizomo kwenye lita, na ruzuku kama ile ya shilingi bilioni 100 ya Juni 2022. Wakenya, nyie Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16. Ni asilimia, kwa hiyo bei ikipanda hata Hazina inavuna. Hilo ndilo la kumkalia mbunge kooni.

Wenye kisima ni ndugu zetu wa Uganda, Ziwa Albert, na bomba lao linaishia Chongoleani, Tanga. Waganda mnaonifuatilia, siku pipa likivuka dola 100, mikataba yenu inasema ile ziada inakwenda kwa nani? Niandikieni hapo chini.