Kisulisuli cha Ndege Iliyotangulia

Vijana, habari za asubuhi. Leo tunaiacha injini, tuzungumzie hewa inayoachwa nyuma na ndege iliyokutangulia kutua.

Chini ya bawa shinikizo ni kubwa, juu yake ni dogo. Hewa ya chini inatorokea kwenye ncha, inapanda na kujiviringisha, kisha inabaki nyuma kama visulisuli viwili. Ndege ikiwa nzito na inakwenda polepole, visulisuli huwa vikali zaidi. Navyo vinashuka, futi 300 hadi 500 kwa dakika. Andikeni tarakimu hizo.

Jioni ya tarehe 15 Desemba 1993, huko Santa Ana, California, jeti ndogo aina ya Westwind ilikuwa ikitua nyuma ya Boeing 757. Marubani walikuwa wakitua kwa kuona kwa macho. Walikuwa kama maili 2 za baharini nyuma ya ile kubwa, na kama futi 400 chini ya njia ambayo ile kubwa ilipita angani. Haya, pigeni hesabu. Kwa mwendo wa jeti inayokaribia kutua, maili 2 ni kama dakika moja. Katika dakika hiyo kisulisuli kimeshuka futi ngapi? Naona wengine mmeshaacha kuandika. Westwind iliviringika, ikaanguka, na wote watano waliokuwamo wakafa. Baadaye Marekani iliongeza nafasi inayotakiwa nyuma ya 757.

Tuje kwetu. Hapa Dar es Salaam ndege ndogo ya Caravan, ya tani 4, inatumia njia moja ya kurukia na Dreamliner, jeti kubwa inayoweza kuruka ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 220. Kanuni ya kimataifa inaipa ndege nyepesi maili 6 nyuma ya nzito. Ni kanuni nzuri, lakini mimi maili peke yake hazinitoshi. Swali langu la kwanza ni: yule amepita wapi, nami niko juu ya njia yake au chini? Kaa juu. Tazama magurudumu yake yanapogusa lami, maana uzito ukishakaa chini visulisuli vinakoma, kisha tua ukishapita hapo. Njia yetu ya kurukia ina mita 3,000, na Caravan haihitaji hata nusu yake, kwa hiyo sioni kwa nini mtu ang'ang'anie kugusa mwanzoni.

Upepo nao una ujanja wake. Kusi ikivuma sawasawa, hewa ile inavurugwa na kupeperushwa. Wakati wa maleleji, upepo ukiwa mdogo, ndipo niwe macho. Visulisuli vikifika karibu na ardhi vinaachana, kila kimoja upande wake, kwa mwendo wa fundo 2 au 3, yaani maili za baharini kwa saa. Upepo mwanana wa ubavuni wa kiasi hicho hicho unakizuia kile cha upande unakotoka upepo, nacho kinakaa pale pale unapotaka kutua. Hapo omba nafasi zaidi redioni. Utazungushwa dakika chache na abiria watanuna. Wanune.

Na kikikunasa? Bawa linalala ghafla. Peleka usukani upande wa pili, weka nguvu zote za injini, mabawa yakinyooka paa, urudi kuanza upya. Usijaribu kuokoa kutua kule. Na miguu itulie: usikanyage pedali za usukani wa mkia kushoto, kulia, kushoto. Novemba 12, 2001, mjini New York, Airbus A300 ya American Airlines ilipita kwenye hewa ya Boeing 747 iliyotangulia kuruka. Rubani akakanyaga pedali huku na huku hadi mkia wa wima ukang'oka. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa ardhini. Ile ilikuwa ikipaa, najua, lakini miguu ya rubani ni ile ile.

Alasiri tunaingia kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Nitawapa kisulisuli mkiwa futi 300, na tutaanza na ninyi wa mstari wa nyuma.