Kirusi cha Kondoo wa Nairobi na Jamaa Yake wa Ng'ambo

Ndugu zangu, tuanzie Nairobi, mwaka 1910. Kondoo na mbuzi wanaletwa mjini, na baada ya siku chache wanashikwa na homa kali. Wanaharisha majimaji ya kijani, kisha kamasi na damu. Wenye mimba wanazitupa. Kundi lisilowahi kukutana na ugonjwa huu laweza kupoteza hadi 90 kati ya 100. Mtafiti Montgomery, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1917, alionyesha kuwa msambazaji wa kirusi cha ugonjwa huu ni kupe wa masikio wa kahawia, yule yule anayewaletea ng'ombe wetu ndigana kali.

Swali la kujiuliza ni hili: mbona wafugaji wa maeneo yenye kupe wengi hawakuwa wakiulalamikia? Kwa sababu kule mwanakondoo hunyonya kinga kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, kisha huumwa na kupe angali na kinga hiyo. Ugonjwa hulipuka mnyama mgeni anapoingia kwenye kupe, au kupe wanapoenea kwenye malisho mapya baada ya mvua nyingi.

Sasa vukeni bahari. Mwaka 1954, huko Ganjam, jimbo la Orissa nchini India, kirusi kilipatikana kwenye kupe waliobanduliwa kwa mbuzi. Kikaitwa Ganjam, na kwa miaka mingi kikahesabiwa kirusi kingine. Vinasaba vilipokuja kusomwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kipande kidogo cha vinasaba vya hivi viwili, cha Nairobi na cha Ganjam, kinatofautiana kwa takriban asilimia 10 tu ya herufi za vinasaba, na protini yake kwa asilimia 3 hivi. Ni kirusi kimoja! Katika miaka ya 2010 kikaonekana pia kwenye kupe wa kaskazini-mashariki mwa China.

Je, nani alimfuata mwenzake? Wapo wanaodhani kilitoka Asia kikaja Afrika na biashara ya mifugo. Inawezekana, lakini mimi sishawishiki upesi. Kirusi hiki kina vipande vitatu vya vinasaba, na virusi viwili vikikutana ndani ya kupe mmoja vinaweza kubadilishana vipande. Kwa hiyo mti wa ukoo uliochorwa kwa kipande kimoja hauwezi kusemea vingine viwili.

Halafu kuna suala la muda. Kupe wa masikio wa kahawia hula kwa wanyama watatu maishani: buu kwa mmoja, kisha anaanguka na kujibadili, kupe mchanga kwa wa pili, mkubwa kwa wa tatu. Kirusi humfuata katika hatua zote, na kinaweza kupita hata kwenye mayai. Kupe mkubwa asiyekula amewahi kukaa nacho zaidi ya miaka miwili. Kwa maoni yangu muda huo wote hakijinakili sana, kwa hiyo ukihesabu mabadiliko ya herufi ili kupata miaka, utapata tarehe ya kukupoteza.

Kupe kwa miguu yake haendi mbali. Anayemvusha mipaka ni mwenye mifugo, kwa lori au kwa jahazi. Ndiyo maana nawasihi mnaokusanya sampuli mnadani: msiandike jina la mnada peke yake. Mwulizeni mwenye mbuzi alikomnunua, alipita wapi, na kama aliogeshwa josho njiani.