Tatua mlinganyo tofautishi kwa kalamu, kisha kwa namba

Karibu mtazamaji. Leo chukua karatasi, kalamu na kikokotoo, kwa sababu somo hili halishiki kwa kutazama tu. Nitakapokuambia simamisha video, simamisha kweli, piga hesabu yako, kisha urudi.

Tunaanza na kikombe cha kinywaji cha moto. Kina nyuzi 90, nacho kiko kwenye chumba chenye nyuzi 20. Tunajua kwamba kadiri kinavyokuwa moto kuliko chumba ndivyo kinavyopoa haraka. Maneno hayo nayaandika hapa ubaoni kwa alama:

dT/dt = −0.1(T − 20)

T ni joto, t ni muda kwa dakika. Huu ndio mlinganyo tofautishi: haukwambii joto ni ngapi, unakwambia joto linabadilika kwa kasi gani. Kazi yetu ni kujua, baada ya dakika 10, kikombe kina nyuzi ngapi.

Nimeuchagua huu makusudi, kwa sababu unatatulika kwa kalamu. Wengi wanaojifunza njia za namba huanza na mlinganyo mgumu, wanapata jibu, na hawana cha kulilinganisha nalo. Nilisoma hivyo mwenyewe, na kwa muda mrefu niliamini kila namba iliyotoka kwenye programu yangu.

Kwa kalamu, basi. Tenganisha: vyote vyenye T upande mmoja, vyote vyenye t upande wa pili. Unapata dT/(T − 20) = −0.1 dt. Tafuta integrali ya kila upande. Kushoto inatoka logi asilia ya T − 20, kulia −0.1t, pamoja na namba thabiti C. Usiisahau C, kwani ndiyo inayobeba habari ya mahali tulipoanzia. Ondoa logi, kisha weka t = 0 na T = 90. Inabaki:

T = 20 + 70e^(−0.1t)

Kwa t = 10, kikokotoo kinatoa 45.75. Izungushie duara. Hiyo ndiyo rula yetu kwa sehemu yote inayofuata.

Sasa jifanye hujui kabisa kutafuta integrali. Una mlinganyo na mahali pa kuanzia tu. Mwanahisabati Leonhard Euler aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1768, nayo ni nyepesi mno: angalia mteremko wa mahali ulipo, yaani kasi ya mabadiliko pale, tembea kwa mstari ulionyooka kwa hatua moja, simama, angalia mteremko mpya, tembea tena.

Tuchukue hatua ya dakika 5. Mwanzoni kasi ni −0.1 × 70, yaani −7 kwa dakika. Zidisha kwa 5: joto linashuka kwa 35. Tuko nyuzi 55. Kasi mpya ni −3.5, mara 5 ni −17.5. Tunafika 37.5.

Rula yetu inasema 45.75. Tumekosea kwa zaidi ya nyuzi 8! Tazama grafu hapa uone sababu: mkunjo wa kweli unazidi kulala kila dakika, lakini sisi tumeshikilia mteremko mkali wa mwanzo kwa dakika 5 nzima.

Simamisha video. Rudia kwa hatua ya dakika 1, mara kumi.

Umepata 44.41? Safi. Kosa ni 1.34. Ukikata hatua iwe nusu dakika unapata 45.09, kosa 0.66. Umeiona? Hatua imegawanywa kwa mbili, na kosa nalo limegawanyika karibu kwa mbili. Ndiyo maana njia ya Euler huitwa ya daraja la kwanza. Ni njia ya kweli, ila inadai jasho jingi kwa faida ndogo.

Kabla hatujaiacha, jaribu hatua ya dakika 25. Kasi −7 mara 25 ni −175, kwa hiyo kikombe kinashuka hadi nyuzi −85. Hatua inayofuata kinaruka hadi 177.5. Kikombe kinaganda kisha kinachemka, ndani ya chumba cha nyuzi 20! Mlinganyo haujabadilika hata herufi moja. Ni hatua iliyozidi kuwa ndefu: kwa mlinganyo huu, ukivuka dakika 20 kosa linakua badala ya kufifia. Huko ndiko kukosa uthabiti, na ukikutana nako kwenye kazi yako, kwanza kabisa fupisha hatua.

Sasa njia ninayoipenda, ile ya wanahisabati Runge na Kutta, iliyojengwa kati ya mwaka 1895 na 1901. Badala ya kuuliza mteremko mara moja, unauliza mara nne kwa kila hatua. Turudi kwenye hatua ya dakika 5.

Mteremko wa kwanza ni wa mwanzoni: −7. Tembea nao nusu hatua, unafika 72.5, mteremko wa hapo ni −5.25. Rudi mwanzoni (watu wengi hukosea hapa, rudi 90), tembea nusu hatua kwa −5.25, unapata 76.875, mteremko ni −5.6875. Rudi tena mwanzoni, safari hii tembea hatua nzima kwa huo wa tatu, unapata mteremko wa nne, −4.15625. Chukua wastani, lakini ile miwili ya katikati ihesabu mara mbili mbili, ugawe kwa 6. Ni −5.505. Zidisha kwa 5, ongeza kwenye 90: nyuzi 62.47.

Rudia hatua moja tu zaidi. Inatoka 45.77. Kosa ni 0.02! Tumeuliza mteremko mara 8 tu; Euler aliuliza mara 20 akabaki na kosa la 0.66.

Sasa uko tayari kwa mlinganyo ambao kalamu haiuwezi kwa njia za kawaida: y′ = t² + y², kuanzia y = 0 pale t = 0 (y′ ni dy/dt kwa ufupi). Mwanahisabati Liouville alithibitisha mwaka 1841 kwamba hauna suluhisho la kuandikwa kwa fomula za kawaida na integrali zake. Rula hatuna. Rula yetu mpya ni ileile tuliyoiona kwa kikombe: kata hatua kwa nusu, uangalie jibu linatulia au la.

Tafuta y kwa t = 1 kwa Runge na Kutta, hatua ya 0.1, kisha 0.05. Zote zinakupa 0.3502. Limetulia, liamini.

Sasa nenda hadi t = 2 kwa Euler. Hatua ya 0.5 inatoa 1.96. Hatua ya 0.25 inatoa 3.21. Endelea kukata, namba inazidi kupanda, haitulii. Suluhisho la kweli pale lina thamani ya zaidi ya 300, na kidogo tu baada ya t = 2 linapaa bila kikomo. Ile 1.96 ilikuwa imekaa kwenye karatasi kwa utulivu kabisa. Simamisha video hapa, ukate hatua mara mbili zaidi kwa mkono wako.