Faikasi Getini, Mizizi Karoni

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni zamu ya faikasi, ule mti wa majani madogo yanayong'aa. Mjini siku hizi kila geti jipya linao miwili, kulia na kushoto.

BARAKA: Na yote imenyolewa duara! Nani alituanzishia fasheni hii, dada?

REHEMA: Wauza miche hao. Wanachukua miche mitatu ikingali laini, wanaisuka kama nywele, wanaifunga kamba. Mashina yakinenepa yanashikana yenyewe, hata kamba ukiitoa hayaachani. Hapo bei inapanda.

BARAKA: Na tunalipa! Lakini kuna kitu kinanikera. Wataalamu wanauita Ficus benjamina, na kwao, kuanzia India hadi kaskazini mwa Australia, ni jitu la msituni. Unaweza kufika mita 30. Bangkok wameufanya mti rasmi wa jiji. Sasa mtu anauchimbia shimo hatua moja kutoka ukutani.

REHEMA: Si aliununua kwenye kopo, kaka? Ulionekana mdogo.

BARAKA: Haya, ukishashika ardhi unatafuta maji. Bomba lina ufa, umo. Karo, umo. Pevingi zinanyanyuka. Juu unapogoa kila mwezi, kule chini nani anapogoa?

REHEMA: Mkuyu nao ni ndugu yake, ila wenyewe umezoea kingo za mito, hauna ugomvi na mtu.

BARAKA: Ukoo mmoja kabisa. Na miti ya ukoo huo ina mambo: maua yake yamejificha ndani ya kitunda, na kuna nyigu wadogo sana wanaopenya humo kuyachavusha. Kwa kawaida kila aina ina nyigu wake. Asipokuwepo, mbegu za kuota hazipatikani.

REHEMA: Wauza miche hawamsubiri. Wanakata kitawi, wanaosha ule utomvu mweupe, wanachomeka mchangani. Jamani, utomvu huo unawasha! Wenye mzio wa mpira wavae glavu zisizo za mpira, na usijifikiche macho.

BARAKA: Tuna swali la msikilizaji. Kaweka faikasi sebuleni, baada ya muda mfupi majani yakapukutika. Anauliza kama kuna mkono wa mtu.

REHEMA: Aa, asimsingizie jirani! Ulitoka kwenye jua la barabarani ukaingizwa gizani. Mti huu ukihamishwa unasusa, unaangusha majani ya zamani kwanza. Auweke karibu na dirisha, auache hapo hapo. Na asiumwagie maji kwa huruma, asubiri udongo wa juu ukauke.

BARAKA: Atajuaje kama bado mzima?

REHEMA: Akwaruze gamba kwa ukucha. Akiona kijani, upo hai. Pakiwa pakavu, ashuke chini kidogo akwaruze tena.

BARAKA: Na pakiwa pakavu hadi shinani?

REHEMA: Arudi kwa muuza miche. Safari hii achukue na chungu kikubwa, ukae humo humo.