Emil Bessels na Maji Yaliyotoka Kaskazini

Mabibi na mabwana, nitaanza na kamba na jiwe. Kila ninapolitaja jina la Emil Bessels, swali la kwanza ni lile lile: ndiye aliyemtilia sumu mkuu wa msafara wake? Nitalijibu. Lakini sumu ikitangulia, maji hayapati nafasi tena, na leo maji yatatangulia.

Meli ya Polaris ilitoka Marekani mwaka 1871 kuelekea Ncha ya Kaskazini, ikaganda mahali walipopaita Thank God Harbor, kaskazini-magharibi ya Greenland, nyuzi 81 na dakika 37 kaskazini ya ikweta. Bessels, mzaliwa wa Heidelberg, alikuwa na miaka 24. Alikuwa tabibu wa meli na mkuu wa kazi zote za sayansi, na mojawapo ilikuwa kupima kupwa na kujaa kwa maji.

Sasa, kupwa na kujaa utakupimaje wakati bahari yote ni barafu? Bandarini kwetu unatazama nguzo ya gati. Kule uso wa maji huuoni. Barafu yenyewe hupanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, na meli iliyonaswa ndani yake hupanda na kushuka nayo. Kwa hiyo unatoboa shimo, unateremsha jiwe zito mpaka chini kabisa, kamba yake unaipitisha kwenye kapi lililofungwa kwenye miti mitatu juu ya barafu, na ncha ya pili unaitundika uzito mdogo ili kamba isilegee. Jiwe halitoki lilipo. Barafu ikipanda, kapi linapanda nayo, na ule uzito mdogo unavutwa kulielekea kapi. Unasoma umesogea kiasi gani, unaandika, saa nzima ikipita unarudi.

Ni rahisi kwa maneno. Shimo huziba kila mara, na likiziba, barafu huishika kamba na kuipandisha pamoja na jiwe. Kuanzia hapo kila namba ni ya uongo, na hakuna dalili yoyote ya kukuonya. Kwa hiyo kila saa uvunje barafu kwanza, ndipo usome. Kamba nayo hujinyonga ikilowa na kukakamaa ikiganda. Mtu ataniambia: si angetazama alama ya maji pale ufukweni? Hapana! Barafu ya ufukweni imeng'ang'ania mwamba, haipandi na maji, inapasuka tu. Wala siku mbili tatu hazitoshi. Upepo mmoja mkali husukuma maji ukadhani yamejaa. Lazima uyafuate maji ya bamvua na maji mafu yote mawili, kwa hiyo si chini ya mwezi mzima wa mwandamo, na kule jua halionekani kwa zaidi ya miezi minne.

Taabu yote hiyo ilikuwa ya nini? August Petermann, mwanajiografia mkubwa wa Ujerumani, alikuwa akiichora Greenland kama nchi inayoendelea hata kuipita Ncha ya Kaskazini. Kama alikuwa sahihi, basi mlango wa bahari ilimoganda meli, kati ya Greenland na kisiwa cha Ellesmere, ulikuwa ghuba iliyozibwa kwa nyuma, na maji ya kujaa yangeingia kwa mlango mmoja tu, wa kusini. Bessels akaona maji ya kujaa yanatoka kaskazini, kupitia mlango wa Robeson, sehemu ya kaskazini ya mlango huo, na kukutana na yale ya Atlantiki karibu na Cape Frazer, rasi iliyoko kusini zaidi. Kaskazini kuna bahari. Greenland ni kisiwa. Na kumbukeni kwamba Petermann ndiye aliyempeleka Bessels Aktiki mara ya kwanza, mwaka 1869, upande wa Spitsbergen. Kijana hakuzipinda namba ili kumridhisha mfadhili wake.

Haya, sasa ile sumu, na kikombe cha kahawa. Tarehe 24 Oktoba 1871 mkuu wa msafara, Charles Francis Hall, alirudi kutoka safari ya sleji, akanywa kikombe cha kahawa, akaugua. Bessels alimdunga kwinini. Hall akapiga kelele kwamba anapewa sumu, akamkataa kwa siku kadhaa, akapata nafuu. Akamkubali tena, na tarehe 8 Novemba akafa. Uchunguzi wa serikali ulisema ni kiharusi. Mwaka 1968 Chauncey Loomis, mwandishi wa maisha ya Hall, alifukua kaburi na kuchukua ukucha na nywele. Ukucha huota kutoka shinani, kwa hiyo ncha ni ya zamani na shina ni la siku za mwisho. Nchani kulikuwa na aseniki, ambayo ni sumu, sehemu 24.6 kwa milioni, shinani 76.7. Yaani alipata aseniki nyingi katika wiki mbili hivi za mwisho. Mkono uliompa, ukucha hauutaji, na aseniki siku zile ilikuwemo hata katika dawa za kawaida. Ninamshuku Bessels, nasema wazi. Lakini hata angekuwa muuaji, maji ya Robeson yangebaki yanatoka kaskazini.

Mengine nayapitia mbio. Tarehe 15 Oktoba 1872 barafu iliibana meli, vitu vikaanza kutupwa nje, kisha meli ikachomoka gizani na kuwaacha watu 19 juu ya pande la barafu pamoja na makaratasi mengi ya sayansi. Walielea miezi sita, wakalishwa sili na wawindaji wa Kiinuiti, Ebierbing na Hans Hendrik, na hakufa hata mmoja. Habari yao peke yake ingetaka mhadhara mzima. Bessels na wenzake 13 walibaki melini, wakaipandisha pwani karibu na Etah, makazi ya Wainuiti huko Greenland, wakajenga mashua mbili kwa mbao zake, wakaokolewa na meli ya wavua nyangumi Juni 1873.

Mwaka 1876 alitoa Washington juzuu la vipimo vya msafara. Mwaka 1885 nyumba yake iliungua pamoja na maandishi yake. Akarudi Ujerumani, akafa Stuttgart mwaka 1888, hajafika miaka 41. Namba za maji zilikuwa zimeshachapishwa.