Iueni programu yenu wenyewe kabla simu ya mteja haijaiua

Haya tukae jamani. Naona laptopu nyingi humu ila sioni simu hata moja imechomekwa, kwa hiyo naanza na ugomvi wangu ule ule, kwamba hampimi programu zenu kwenye simu za kweli, wanaonijua wanivumilie.

Android Studio 1.0, ile ya kuandikia programu za Android, ilipotoka Desemba 2014 tulishangilia kwamba tumeachana na Eclipse tuliyokuwa tunaandikia zamani. Leo kuna lugha ya Kotlin, kuna Compose na Flutter za kuundia skrini, kila kitu, na bado mama muuza vitunguu akifungua programu yako kwenye itel ya RAM GB 1 anateseka. Nimeshuhudia, ilikuwa programu ya mikopo, jina silitaji. Kaandika jina, kaandika namba ya NIDA, zile tarakimu 20, anazisoma moja moja kidole kiko juu ya kitambulisho. Ikamwambia subiri meseji ya uthibitisho. Katoka kwenda kusoma meseji, anarudi, fomu tupu! Kajaza upya, tupu tena. Unajua kasemaje? "Simu yangu mbovu hii."

Simu haina ubovu wowote. Android ikibanwa na RAM inaua programu iliyo nyuma ili ya mbele ipumue, ndo kazi yake, na inakupa nafasi ya kuhifadhi vitu kidogo kabla ya hapo. Wewe ndo hukuhifadhi. Na Play Console, ile dashibodi ya Google ya wenye programu, haitakuambia kitu maana haikukreshi, utaona tu watu wanaifuta.

Sasa kuna kaka pale nyuma anataka kusema "mimi natumia ViewModel", ile inayoshika data ya skrini kwenye RAM. Najua! Kila nikiongea hili naletewa ViewModel. ViewModel inavumilia simu ikigeuzwa, programu ikiuawa inakufa nayo. Unahitaji SavedStateHandle, inayokurudishia ulichohifadhi programu ikifunguliwa tena, na kwenye Compose ile remember ya kwenye fomu iandike rememberSaveable, herufi chache tu jamani. Picha usiweke humo, ni pa vitu vidogo kama maandishi na namba, vikubwa peleka Room, yaani database ya ndani ya simu, au kwenye faili. Wa Flutter mna RestorationMixin kwa kazi hiyo hiyo, mtasoma wenyewe.

Utajuaje kama umepona? Chukua simu ya kweli, ingia Settings, gusa "Build number" mara 7, washa USB debugging kwenye Developer options, chomeka waya. Fungua programu, jaza fomu nusu, bonyeza home, halafu kwenye terminal andika adb shell am kill na jina la pakeji, amri ya kuiua programu iliyo nyuma kama Android inavyoiua, kisha ifungue tena kupitia orodha ya programu za karibuni. Kama ulichoandika hakipo, wewe na yule mama mna kesi. Na usitumie Force stop, ile inafagia mpaka kilichohifadhiwa, utakuwa hujapima kitu. Wale wa "Don't keep activities", ile swichi inayofunga kila skrini ukiiacha, sawa, inasaidia, ila prosesi, yaani programu yenyewe kwenye RAM, inabaki hai kwa hiyo singleton zako, vile vitu vinavyoishi muda wote prosesi iko hai, zinabaki na data yake na unajidanganya kweupe.

"Emuleta inatosha," ile simu ya bandia ndani ya laptopu. Haitoshi! Emuleta inakula prosesa ya laptopu yako na haina magrupu ya WhatsApp yanayomwaga video usiku kucha. Halafu wenye laptopu ya RAM GB 8 mnajitesa nini, Studio peke yake inaimaliza, mnaongeza na emuleta juu? Nunueni simu ya bei ya chini ya mtumba, muiache mezani.

Nilitaka niongelee ukubwa wa programu na bando za watu lakini naoneshwa saa hapa. Haraka haraka: wa Flutter msipime spidi kwenye debug, ile hali ya kusakia makosa inayokuwa nzito, tumieni flutter run --profile, kwenye simu. Play inadai App Bundle, kifurushi ambacho yenyewe inakitolea faili linaloifaa kila simu, kwa programu mpya tangu Agosti 2021, kwa hiyo ile APK, faili la programu mnalotumiana WhatsApp, siyo anayoshusha mteja, msiipime ile mkasema ndo saizi yenu. iOS tuiache, bila Mac hakuna Xcode ya kutengenezea programu za iPhone, tutalia siku nyingine.

Waya wa USB ninao. Nani anaanza? Wewe wa ViewModel, njoo na simu yako.